Kipuri Kiingiacho na Kipuri Kifaacho

Injini ikikataa kuwaka asubuhi, mwenye pikipiki ya abiria hukimbilia duka la vipuri na kuomba plagi. Ikiingia katika tundu lake na injini ikawaka, huridhika. Hata hivyo, kuingia si kufaa.

Hesi za plagi nyingi za pikipiki zina kipenyo cha milimita 10, 12 au 14. Plagi mbili zenye kipenyo kimoja zaweza kutofautiana kwa urefu wa hesi: moja milimita 12.7, nyingine 19. Ndefu ikifungwa mahali pa fupi, ncha yake huchomoza na pistoni yaweza kuigonga. Fupi ikifungwa mahali pa ndefu, cheche hutokea ndani ya tundu na petroli haiungui vyema.

Tofauti nyingine haipimiki kwa rula, nayo ni uwezo wa plagi kupoza ncha yake. Ncha isipofika digrii 500 za sentigredi hivi, hushika masizi. Ikizidi sana 800, huwasha petroli kabla ya cheche, na pistoni huweza kutoboka.

Plagi kuukuu si kielelezo cha kutegemewa, kwani huenda nayo ilifungwa kimakosa. Kielelezo ni kitabu cha matengenezo, ambacho hutaja namba ya plagi ifaayo. Nacho kichaguliwe kwa namba ya injini na ya chesi, kwa sababu kiwanda huweza kubadili injini na kuliacha jina la pikipiki lilivyo. Namba hizo ziandikwe kabla ya kwenda dukani: plagi ni rahisi, pistoni ni ghali.