Rangi Mpya, Hasara Mpya
Nilidhani nalitengeneza, kumbe nalibomoa. Gari langu Peugeot 404, aina ile ile iliyoshinda Safari Rally miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, nililitia rangi mpya na injini ya gari jingine. Lo! Liling'aa kama bibi harusi.

Akaja mnunuzi. Rangi hakuitazama, alifungua boneti, akasoma nambari ya injini, akaiona hailingani na ya kitabu cha gari. Akaaga.

Mwaka 2015 huko Paris, Ferrari iliyowahi kuwa ya mwigizaji Alain Delon, iliyokutwa bandani chini ya rundo la magazeti, iliuzwa na vumbi lake kwa zaidi ya Euro milioni 16!

Nilirudi gereji kuitafuta injini yangu.

"Ami," fundi akanijibu, "ile si tuliiuza chuma chakavu?"