Mikono inayokataa kufunguka asubui: tuamini dawa ya India?

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama wa nyumba, leo tunazungumza juu ya mikono, kwa sababu mikono ndiyo mkate wetu.

Mwenzetu mmoja, fundi wa kutoboa mawe kwa zaidi ya miaka 20, alianza kukosa bisi ya asubui. Shefu akafikiri ni pombe. Sisi wa sendika tulipomwita, akatuonyesha vidole: vimevimba pande zote mbili, sawasawa kuume na kushoto. "Asubui siwezi hata kufunga kifungo cha shimizi," akasema. "Bibi ndiye ananivalisha viatu. Mpaka saa mbili ndipo mikono inaanza kufunguka."

Ku lopitali wakapima damu, wakapiga picha, wakaita jina: poliartriti. Hii si rimatisme ya uzee, wala ya baridi ya mwezi wa sita. Ni mwili unajipiga wenyewe: askari wake, badala ya kulinda mulango, wanaingia nyumbani na kuvunja viti. Inakamata wanawake mara mbili au tatu kuliko wanaume. Lakini kwetu iko neno lingine. Mwaka wa 1953, munganga Anthony Caplan aliandika juu ya wachimbaji wa makaa kule Wales, Uingereza, waliokuwa na vumbi ndani ya mapafu na poliartriti ndani ya viungo kwa wakati mmoja. Tangu pale, uchunguzi umeonyesha kwamba vumbi la silika, lile la mawe tunayotoboa, linaongeza hatari ya ugonjwa huu, na tumbako inazidisha tena. Basi mtu asituambie haraka kwamba ni ugonjwa wa nyumbani tu.

Munganga alimpa mwenzetu metotreksate, mara moja kwa juma. Dawa hii haikimbie: inaomba majuma sita, nane, hata kumi na mbili mbele ya kuonyesha nguvu yake. Yeye hakungojea. Jirani alimwambia: "Iko dawa ya India, inaponyesha kabisa." Akauzisha mashini ya kushona ya bibi yake, akanunua chupa mbili zisizo na karatasi yoyote. Siku ya tatu akafunga ngumi! Tukashangilia pamoja naye. Vidonge vya lopitali akavitupa.

Kisha uso ukawa mviringo sawa mwezi, sukari ya damu ikapanda. Chupa zilipoisha, hakuweza kusimama. Munganga alisema alama zile ni za kortizoni, dawa ambayo wauzaji wengine wanaificha ndani ya vidonge vya "majani". Inatuliza haraka, lakini ukiitumia kwa muda na kuikata kwa rafla, mwili unaanguka.

Tukajiuliza: je, dawa yote ya India ni uongo? Hapana. Tuseme kweli yote.

Ayurveda ni udaktari wa zamani sana wa India, na hata leo uko na masomo yake, lopitali zake na wizara yake ya serikali. Kitabu cha Madhava, chenye zaidi ya miaka elfu moja, kinaeleza ugonjwa wanaouita amavata, na waganga wa Ayurveda wanaulinganisha na poliartriti. Kwa mawazo yao, chakula kisichosagwa vizuri tumboni kinaacha uchafu, ama, na upepo wa mwili, vata, unauchukua mpaka ndani ya viungo. Kwa hiyo wanaanza na tumbo: kupunguza chakula, maji ya tangawizi, mafuta ya mbono ya kuharisha. Juu ya viungo wanakanda na mchanga wa moto uliofungwa ndani ya kitambaa. Kisha wanatoa guggulu, ulimbo wa mti fulani, pamoja na mizizi mbalimbali. Mganga anapima mtu mmoja mmoja. Hauzishi chupa moja kwa kila mtu wa soko.

Nguvu yake imekwisha kupimwa? Kidogo. Katika mji wa Coimbatore, kusini ya India, wachunguzi walichukua wagonjwa 43. Wamoja walipata dawa za Ayurveda, wengine metotreksate, wengine zote mbili, kwa majuma 36. Waliopata dawa ya namna moja tu walipewa pia vidonge vya bure visivyo na kitu ndani, ili mgonjwa asijue anakunywa nini. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2011: makundi matatu yalipata nafuu karibu sawasawa. Habari hiyo inafurahisha. Lakini watu 43 ni wachache, hawajazi hata bisi moja ya kazi. Ni mwanzo wa neno, si mwisho wake. Na wale walikuwa mikononi mwa waganga waliosoma, wakichunguzwa, si mikononi mwa muuzaji wa barabarani.

Iko pia hatari ya chuma. Tawi moja la Ayurveda linatumia madini yaliyochomwa. Mwaka wa 2008, wachunguzi wa Marekani walipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwa intaneti: moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au arseniki. Sisi tunaoshinda ndani ya vumbi la madini, tutakunywa tena madini kwa kijiko?

Basi, ndugu, tushike haya:

Mikono ikiwa migumu zaidi ya saa moja kila asubui, na viungo vimevimba kwa majuma sita, uende kwa munganga. Miaka miwili ya kwanza ndiyo inaharibu sana, na mfupa ulioliwa haurudi.

Metotreksate ni mara moja kwa juma. Kuikunywa kila siku kunaua. Usichanganye na pombe, ufanye kipimo cha damu, na mama mwenye mimba asiiguse.

Tangawizi na manjano ndani ya sahani havina shida. Kitambaa cha moto kinatuliza maumivu, kama mama zetu walivyojua. Lakini ukitaka dawa ya majani, umwambie munganga kwanza, na usikate ile yake. Chupa isiyo na karatasi, uiache kwa mwenyewe.

Uombe munganga aandike ndani ya karatasi yako miaka uliyokula vumbi. CNSS inashughulikia magonjwa ya kazi, lakini bila maandiko hakuna mtu atakusikiliza. Na mbele ya yote, tudai maji ku mashini za kutoboa na maski za kweli, si kitambaa cha kufunga pua.

Mwenzetu amerudia dawa ya juma. Tuliomba, na kampuni ikakubali kumtoa ku mashini ya kutoboa na kumuweka ku magazini ya vyombo. Kidole kimoja kimebaki kimepinda. Mashini ya kushona bado haijarudi nyumbani, na sendika inakusanya franga kidogo kidogo. Mwenye kuweza, apitie ku biro yetu siku ya mshahara.