Chunusi Zisizoanzia Usoni

Katika machimbo madogo ya Geita na Kahama, zebaki haihitaji kutambulishwa: ndiyo inayokamata chembe za dhahabu katika mchanga uliosagwa. Metali hiyohiyo huwamo katika baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, ambazo mwanamke mwenye chunusi sugu huweza kushawishika kuzipaka. Hupenya ngozi na kudhuru figo, nazo chunusi hubaki palepale.

Chunusi zinazong'ang'ania kidevuni na kwenye taya hata baada ya ujana, zikiandamana na hedhi isiyo na mpangilio au ndevu, huenda zikatokana na sindromu ya ovari zenye vifuko vingi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa hali hiyo huwapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wengi wao hawajui. Androjeni zinapozidi mwilini huchochea tezi za mafuta, vinyweleo huziba, na uvimbe hufuata.

Tiba huanzia hapo. Benzoili peroksaidi hupakwa usoni. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili hupunguza androjeni. Spironolaktoni huzuia kazi yake, lakini haifai kwa mjamzito wala anayetafuta mimba. Kwa mwenye uzito uliozidi, kuupunguza hushusha insulini inayozichochea ovari. Nafuu yaweza kuchukua miezi 3 hadi 6. Subira hiyo na ianze kwa vipimo hospitalini, si kwa kopo lisilo na lebo.