Miaka 12 ya Khadr El Touni

Vijana wetu wengi wanawajua wanamichezo wa leo kwa majina, hata kwa namba za jezi zao. Ni wachache waliopata kusikia habari za Wamisri ambao, karibu karne moja iliyopita, walinyanyua vyuma wakawastaajabisha walimwengu. Tumeona ni vyema familia zetu zimfahamu mmoja wao, Khadr El Touni, aliyezaliwa katika muongo wa pili wa karne ya 20.

Njia ilikwisha kufunguliwa kabla yake. Mwaka 1928, mjini Amsterdam, Sayed Nosseir, aliyezaliwa mwaka 1905, aliipatia Misri medali ya dhahabu ya Olimpiki katika kunyanyua vitu vizito. Alimshinda Mfaransa Louis Hostin kwa kilo 2.5 tu.

Miaka minane baadaye ikawa zamu ya El Touni, katika Olimpiki ya Berlin ya 1936. Siku hizo kila mshindani alinyanyua kwa namna tatu, kisha uzito wote ukajumlishwa. Katika kundi la wasiozidi kilo 75, wenyeji walimtegemea Rudolf Ismayr, bingwa wa Los Angeles 1932, ambaye ndiye aliyekula kiapo kwa niaba ya wanamichezo wote siku ya ufunguzi.

El Touni alianza na kilo 117.5, akafuatisha 120, akamalizia na 150. Jumla ikawa 387.5. Ismayr, aliyeshika nafasi ya pili, alipata 352.5. Mchezo uliokuwa ukiamuliwa kwa kilo mbili au tatu, siku ile uliamuliwa kwa 35. Zaidi ya hayo, Hostin yule yule alishinda kundi la wenye miili mizito zaidi kwa kilo 372.5. Kijana wa Misri alikuwa amempita hata yeye kwa kilo 15.

Wasimulizi wengi hukomea hapo. Sisi twaona kwamba sehemu yenye faida kubwa kwetu ndiyo inayofuata.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Olimpiki za 1940 na 1944 hazikufanyika. El Touni alirejea katika mashindano hayo London mwaka 1948, baada ya miaka 12. Miaka bora ya mwili wake ilikuwa imekwisha kupita, naye akaambulia nafasi ya nne, pasipo medali.

Hakukata tamaa. Alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia mwaka 1946, na baada ya kushindwa London aliurudia mazoezini, akautwaa tena mwaka 1949 na 1950. Mwaka 1956 alifariki kwa ajali ya umeme. Mwenyezi Mungu amrehemu. Jina lake limebaki katika mtaa mmoja wa Nasr City, jijini Kairo.

Majumbani mwetu wapo watoto waliozoea kuwa wa kwanza, kisha siku moja wakapitwa, iwe darasani au uwanjani, na wakaona kila kitu kimekwisha. Hao hawatapata mengi katika habari za kilo 35 za Berlin. Mzazi atakayewasimulia habari za El Touni na awaeleze pia nafasi ya nne ya London, na mwaka uliofuata.