Nomino Zinapogeuka Vitenzi katika Kiingereza

Mwishoni mwa 1789 Benjamin Franklin alimwandikia mtunga kamusi Noah Webster barua ya malalamiko. Aliporejea Marekani kutoka Ufaransa alikuta 'notice', 'advocate' na 'progress' yanatumiwa kama vitenzi, akamwomba Webster ayakemee. Leo maneno yote matatu ni vitenzi vya kawaida, na wanaokasirishwa na 'gift' na 'impact' wanarudia kilio kilekile. Nadhani wanakosea, kwani tabia hii imo katika mifupa ya lugha yenyewe.

Kiingereza cha Kale kilikuwa na viishio. Usingizi uliitwa 'slæp', kulala 'slæpan'. Mkazo ulikaa mwanzoni mwa neno, viishio vikafifia karne baada ya karne, na kufikia mwaka 1500 hivi '-an' ilikwisha kutoweka. Nomino na kitenzi vikabaki na sura moja, 'sleep'. Nafasi ya neno katika sentensi ndiyo inayovitenganisha. Tangu hapo mlango umekuwa wazi. Shakespeare alifanya kitenzi hata cha 'knee', yaani goti.

Kinachonivutia zaidi ni maana. 'Butter' ni kupaka siagi, lakini 'milk' ni kukamua maziwa: kimoja kinatia, kingine kinatoa. 'Dust' hufanya yote mawili, kwani ukiambiwa u-'dust' rafu utafuta vumbi, na ukiambiwa u-'dust' keki kwa sukari utainyunyizia. Hakuna kiambishi kinachoelekeza. Watafiti wa lugha Eve Clark na Herbert Clark, katika makala yao ya 1979, walionyesha kwamba msikilizaji hufikia maana kwa yale ambayo yeye na msemaji wote wawili wanayajua kuhusu kitu chenyewe. Waliona pia kizuizi: 'car' haikubaliki kwa maana ya kuendesha gari, maana 'drive' imekwisha kukalia nafasi hiyo.

Kiswahili hakiachi kazi hiyo kwa msikilizaji. Kutoka 'kavu' tuna kukauka na kukausha, na kila kimoja kinajitambulisha. Mwingereza anatumia 'dry' kwa nguo na kwa jua linaloikausha.

Hata hivyo, nomino ya asili haisahauliki kabisa. Ikiwa kengele ililia jana, Mwingereza husema 'rang'. Lakini ikiwa polisi walilizingira jengo jana, husema 'ringed', kwa sababu kitenzi hiki kimetoka kwenye 'ring' ya pete na duara, na vitenzi vinavyozaliwa na nomino hufuata kanuni ya kawaida ya '-ed'.