Injini Iliyolala Miezi Mitano

Likizo iliyopita, kusi ilipopoa, baba alitaka kurudi kuvua, lakini injini ya mashua ilikataa kuwaka. Nalijaribu plagi, ikatoa cheche njema. Basi kosa lilikuwa katika mafuta.

Petroli ikikaa miezi mingi huharibika, ikaacha utando kama gundi katika tundu dogo la kabureta. Tena maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutuama chini ya tangi. Tuliyatoa mafuta ya zamani mbali na moto, tukasafisha tangi, chujio na kabureta, tukatia mapya. Ikawaka!

Wasomaji, kabla ya kuihifadhi injini, ikiwa ingali majini, ondoeni mpira wa mafuta, iacheni iende mpaka izime yenyewe. Kabureta tupu haigandi.

Mwanafunzi, Kidato cha IV