Kunadi Bima ya Afya Palipo na Bima Moja: Kitale na Bungoma

Makala haya yanaangazia unadi wa bima ya afya pasipo mshindani. Kwa mkulima wa Kitale au mwendeshaji bodaboda wa Bungoma, bima aghalabu ni ya serikali: NHIF, iliyoundwa mwaka 1966, na tangu Oktoba 2024, SHA. Awe na kadi au asiwe nayo, akizidiwa hupelekwa hospitali ile ile ya rufaa ya kaunti. Mnadi basi auze nini?

Aghalabu huuza jina. Linda Mama, mpango wa uzazi wa mwaka 2016, lilijieleza lenyewe: kitenzi cha kuamuru na nomino, basi. SHA ni herufi za Kiingereza tu. Hata hivyo, jina tamu huahidi kitanda, na Bungoma inalijua deni hilo. Mwaka 2013, huduma ya kujifungua bila malipo ikiwa imekwisha kutangazwa, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali kuu ya mji huo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake zilikiukwa, ikamtunukia fidia ya shilingi milioni 2.5.

Pana pia suala la majira. NHIF ilitoza wasio na ajira rasmi shilingi 500 kila mwezi. SHA ilipoanza iliwataka walipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, kwa kiwango kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Fedha za mahindi hupatikana baada ya mavuno, mwishoni mwa mwaka. Anayemnadia mkulima mwezi Juni, mahindi yangali mabichi shambani, humkuta mfuko mtupu.